Nyuzi za Mpiga Picha wa Bariadi

Jina lake nalijua, lakini nikiliandika hapa watu wa mtaa wetu watauliza huyo ni nani. Sote tulimwita Mpiga Picha. Hata wapwa zake walipokuja kumtembelea kutoka kijijini walijikuta wanamwita hivyo hivyo. Alizaliwa wapi na alisoma wapi, sijui na sikuwahi kuuliza. Ninachojua ni kwamba siku nilipofungua kibanda changu cha ushonaji karibu na stendi ya Bariadi, yeye alikuwa pale tayari, ameegemea mlango wa studio, anambembeleza mzee mmoja aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho.

"Mzee wangu, usininunie. Mimi si serikali."

Mzee akacheka, na picha ikawa imeshapigwa. Ndivyo alivyokuwa. Neno "tayari" alilitamka baada ya kubonyeza, kamwe si kabla, kwa hiyo nusu ya watu wa Bariadi wa umri wangu wana picha wanazoonekana kama wanaotaka kusema kitu. Ukilalamika atakuambia, "Sura yako ya kweli ni ile ya kabla hujajiandaa." Usipolalamika atakuambia hivyo hivyo.

Ilikuwa miaka ile mambo yalipoanza kuwa ruksa. Pamba, ambayo wazazi wetu walizoea kuipeleka chama cha ushirika na kusubiri, sasa ilifuatwa na wanunuzi binafsi wenye malori, kila mmoja na mzani wake na tabasamu lake. Madukani kukawa na redio, viatu vya plastiki, betri za kila namna. Msimu ukifika, watu walikuja studio kupigwa picha na vitu vyao: huyu na baiskeli mpya, yule na redio mapajani kama mtoto mchanga. Nyuma yao kulikuwa na pazia lililochorwa ndege, na aliyelichora nadhani hakuwahi kuiona ndege kwa karibu, maana aliiwekea madirisha ya basi na ngazi ya kupandia mizigo juu.

Sasa nikueleze kituko chake kikubwa. Mtu huyu, aliyekuja kuusumbua mji mzima kwa kuutaka uchague, yeye mwenyewe hakuweza kuchagua chochote. Alikuwa na mashati mawili, yote ya kijivu, kitambaa kimoja, mshono mmoja, niliyashona mimi. Nilipomuuliza kwa nini asibadilishe rangi hata kidogo, alisema asubuhi ana kazi nyingi.

Ng'ambo ya barabara alikaa Mama Chai, mjane kutoka Shishiyu, na jiko lake la mkaa, karai la maandazi na benchi moja refu. Kila asubuhi, baada ya salamu ya Kisukuma, nilisikia mazungumzo yale yale.

"Mwangaluka, mayo."

"Mwangaluka, baba. Chapati au andazi?"

"Lolote, mayo."

"Lolote sijapika leo."

Basi angesimama pale, ameduwaa, mpaka Mama Chai amchagulie. Chai aliinywea studio kwa kuwa mteja angeweza kutokea wakati wowote, na akimaliza alikiosha kikombe mwenyewe, kwenye ndoo ya maji safi, si ile ya kusafishia picha, kisha akavuka barabara kukirudisha. Wanaume wengine wa stendi waliacha vikombe popote walipomalizia: chini ya benchi, juu ya tairi, kimoja kilishafika mpaka Maswa ndani ya basi. Walimcheka sana. "Mpiga Picha, umeolewa?" Naye akawajibu kwa upole, "Bado. Natafuta."

Ukuta wake ulianza kwa picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Alizibandika kwenye ubao ulioegemea ukuta wa nje wa studio ili waone aibu waje. Hawakuja, ila abiria waliosubiri basi walianza kuzitungia maneno. Huyu ni mume wa huyu. Hapana, huyu alimkataa, ndiyo maana kanuna. Siku moja wanaume wawili nusura wakunjane mashati wakibishana kama yule msichana wa picha ya juu, ambaye hakuna aliyemjua, alipaswa kumkubali yule mwanajeshi wa picha ya chini, ambaye naye hakuna aliyemjua. Mpiga Picha aliwatazama kutoka mlangoni mpaka chai yake ikapoa.

Jioni akaja kwangu. "Mwadila, mayo." Aliniita mayo, mama, ingawa kwa umri ningeweza kuwa binti yake. "Nipe uzi."

"Rangi gani?"

Akavitazama vile vigurudumu vya uzi kama mtu anayeulizwa siku atakayokufa. "Yoyote."

Nikachoka, nikampa mbili, mwekundu na wa buluu. Na hivyo ndivyo jambo lote lilivyozaliwa, kwa sababu mtu mzima alishindwa kuchagua uzi.

Alitunga hadithi ya picha. Mimi nikawa binti, kwa kuwa alisema uso wangu unaelewana na mwanga. Kijana akawa Masunga, mpimaji wa pamba kwenye kituo cha mnunuzi huko Kasoli, aliyechaguliwa kwa sababu alikuwa na tai yake mwenyewe. Shangazi yangu akawa mama yangu. Picha ya kwanza: kijana anafika kwa baiskeli, mama anachambua pamba uani, binti amesimama mlangoni. Chini yake Mpiga Picha aliandika kwa mwandiko wake wa kuinama: "Amsalimie nani kwanza? Kama ni mama, fuata uzi wa buluu. Kama ni binti, fuata uzi mwekundu." Nyuzi zilitoka kwenye msumari wa picha hiyo zikaachana, moja kulia, moja kushoto, mpaka kwenye picha nyingine na swali jingine. Msomaji aliweka kidole juu ya uzi akatembea nao.

Uzi mwekundu ulikuwa mtamu kupita kiasi. Kulikuwa na soda moja na mirija miwili. Kulikuwa na kanga ya zawadi. Kulikuwa na matembezi kando ya mto, Masunga ameshika tai yake isipeperuke. Halafu picha ya mwisho: mama amefunga mlango, kijana yuko nje na baiskeli.

Dereva mmoja wa basi la Mwanza alikasirika kweli kweli. "Nimefanya kila kitu! Nimenunua soda, nimenunua kanga! Kosa langu nini?"

"Ulimpita mama yake bila salamu," Mpiga Picha akamwambia.

"Hiyo ilikuwa picha ya kwanza!"

"Na mama yake alikuwa kwenye picha ya kwanza."

Dereva akarudi mwanzo, abiria wake wakapiga honi wenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa ustadi wa mtu yule. Uchaguzi mdogo, ule unaoupita bila kufikiri, aliuficha mfukoni akakurudishia mwishoni. Ukitoa jembe kumsaidia mama palizi kwenye picha ya tatu, hakuna kinachotokea. Wala picha ya nne. Lakini wakati wa mahari, mjomba aliyekuwa mkali analegea, na maandishi chini yanasema tu, "Mama aliongea naye." Watu walimuuliza mwisho wa kweli ni upi, naye akawajibu, "Ni ule uliofika." Nikawa nabadilisha nyuzi kila mara, maana zililoa mafuta ya maandazi kwenye vidole vya watu. Nilijifunza pia mengi kuhusu majirani zangu. Wanaume walikimbilia soda. Wanawake walisimama kwa mama.

Kosa lilitokea mwishoni mwa uzi wa buluu. Kwa picha ya mahari Mpiga Picha alitaka ng'ombe wa kweli, basi tukaenda Kasoli akaazima dume la mzee mmoja, la rangi ya kahawia, pembe moja imetazama juu na nyingine imetazama chini. Tukasimama kando yake, mimi na Masunga, tukatazamana kama tulivyoagizwa. Picha ikatoka nzuri. Alichosahau, au pengine hakukijua, ni kwamba kwetu ng'ombe anajulikana kama mtu. Siku ya mnada watu wa Kasoli walipita mbele ya ubao. Nyuzi hawakuzifuata, maandishi hawakuyasoma. Waliiona ile pembe.

Jumapili nikaitwa nyumbani. Nikamkuta baba amekaa na wadogo zake, nyuso zimekunjamana. Walitaka kujua kwa nini ukoo haukuitwa kwenda kuwaangalia ng'ombe wa mahari kama ilivyo desturi, na kwa nini kaka yao amekubali dume lenye pembe ya namna ile. Chini ya kivuli cha ghala walikaa watoto wa yule mzee wa Kasoli, nao wakiwa na lao: baba yao anamlipiaje mahari mtu asiye wa ukoo?

"Ng'wanawane," baba akaniambia, na ninajua mtoto anapoitwa mwanangu kwa sauti ile kuna jambo, "nimeambiwa umeolewa ukutani."

Nilieleza nikaeleza. Haikusaidia. Mchana Mpiga Picha akatokea kwenye vumbi, ubao mzima umefungwa nyuma ya baiskeli, Masunga anasukuma kwa nyuma. Akasalimia wote, akauegemeza ubao kwenye ghala, akamwomba baba aweke kidole.

Baba alikuwa mtu mgumu, na alichagua kama mtu mgumu. Kijana asipokelewe. Zawadi irudishwe. Wajumbe waambiwe waje mwaka mwingine. Uzi ukampeleka mpaka kwenye picha yangu nikiwa nimepakwa unga kichwani kuwa mvi, nimekaa peke yangu uani, nachambua pamba. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Huyu mwanangu amezeeka hivi kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu ya uzi ulioufuata, baba."

Baba akakohoa. Akarudisha kidole mwanzo bila kuambiwa. Safari hii akafuata buluu, buluu, buluu, mpaka akafika kwenye lile dume. Kisha akageuka. "Kijana huyu ni wa kwa nani?"

Masunga alikuwa amejificha nyuma ya baiskeli, kama baiskeli inaweza kumficha mtu. Akataja kwao. Sisi wenyewe wakati huo tulikuwa hatujaambiana lolote. Tulitazamana tu kwa sababu Mpiga Picha alituambia tutazamane.

"Basi aje kama watu wanavyokuja," baba akasema. "Lakini dume hili silitaki."

Masunga huyo ndiye anayesoma haya juu ya bega langu na kuniambia nimetia chumvi. Sijatia.

Ungedhani mtu aliyetuunganisha sisi angejua la kufanya na moyo wake. Msimu uliofuata alikuja mnunuzi wa pamba mwenye lori jipya, mwanaume mpole, mtanashati, mjane pia. Alikunywa chai kwa Mama Chai asubuhi na jioni, akasifu chapati, na kabla msimu haujaisha akamwambia wazi kwamba angependa waondoke pamoja kwenda Shinyanga. Kaka yake Mama Chai kutoka Shishiyu alisharidhika, alikuwa anakuja kuongea mambo ya ng'ombe. Mama Chai mwenyewe hakusema ndiyo wala hapana. Mnunuzi akaenda studio kupiga picha ya kumpa. Na Mpiga Picha, Mungu airehemu akili yake, akampiga picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Alimpanga, akamsogeza, akamchekesha, akamtoa kama mfalme.

Nilimfuata nikiwa na mkasi mkononi. "Kwa nini hukumkata hata sikio?"

"Picha mbaya ingekuwa yangu, mayo, si yake."

"Unampenda yule mama au humpendi?"

Hakukataa. Alikaa kwenye kiti cha wateja, chini ya ile ndege yenye madirisha ya basi, akaangalia viatu vyake. "Nikisema akakataa, kesho nitakunywa chai kwa nani?"

Nikamwambia yeye ni mwoga. Akakubali haraka mno, mpaka nikamhurumia.

Jibu lake, kama kawaida, likawa ukuta mpya. Safari hii mwanamke wa hadithi alikuwa anauza chai, nami nikavaa kitenge nikashika birika. Mwanaume alipigwa picha kwa nyuma tu, shati la kijivu. Mji mzima ukaelewa kabla ya kufika picha ya pili. Swali la mwisho lilikuwa, "Aseme au anyamaze?" Uzi mwekundu, wa kunyamaza, uliishia kwenye picha ya mwanaume anawapiga picha watu wengine wakifunga ndoa. Uzi wa buluu, wa kusema, uliishia kwenye msumari mtupu.

Yule dereva wa Mwanza alikuwa wa kwanza kulalamika. "Nimefuata uzi, nimekuta ukuta!"

"Hiyo picha haijapigwa."

"Itapigwa lini?"

"Si mimi ninayechagua," akasema Mpiga Picha, nami sikuipenda kauli ile.

Mama Chai hakuvuka barabara. Aliuza chai, akageuza maandazi, akautazama ule msongamano wa watu kwa mbali kama mtu anayetazama mvua ya kijiji kingine. Siku zikapita hivyo. Asubuhi ile kaka yake alipotarajiwa kushuka kwenye basi, akaweka kijiko chake cha matundu kando ya karai, akajifuta mikono, akavuka.

Watu wakampisha. Akaweka kidole kwenye picha ya kwanza. Alisoma taratibu, akachagua bila kusita, na kila mtu aliyetaka kumnong'oneza alimnyamazisha kwa jicho. Uzi ukamfikisha kwenye msumari mtupu.

"Hii picha iko wapi?"

"Haijapigwa, mayo," Mpiga Picha akajibu kutoka mlangoni.

"Kwa nini?"

Mtu aliyekuwa na neno kwa kila mzee aliyenuna, akatazama ng'ambo ya barabara. "Maandazi yanaungua," akasema.

Kweli yalikuwa yanaungua, harufu ilikuwa imejaa stendi nzima. "Nimekuuliza picha," akasema Mama Chai. Nilisikia moyo wangu ukidunda kama cherehani. Halafu yule dereva akashindwa kuvumilia, akapaza sauti, "Aseme!" na stendi yote ikapokea, makonda, wauza karanga, wanawake wenye kuku, "Aseme! Aseme!"

Mpiga Picha akasema. Alisema kwa sauti ndogo, lakini sote tulisikia. "Nataka ukae kwenye kile kiti, na mimi nisimame nyuma yako. Na isiwe kwa picha tu."

Mama Chai akaingia studio, akakaa.

Sasa nani abonyeze? Kamera alipewa aliye karibu, na aliye karibu nilikuwa mimi, ambaye sikuwahi kushika kamera. "Usivute pumzi," akaniambia, "na usiseme tayari." Nikabonyeza. Picha ilipotoka, paji lake la uso halikuwemo, na ile ndege ilionekana inatua juu ya kichwa cha Mama Chai. Mtu aliyekuwa akirudia picha ya mtu kwa sababu ya kola tu alikataa kabisa kuirudia hiyo. Aliitundika kwenye msumari jinsi ilivyo. Kaka mtu alishuka kwenye basi akaikuta, akaifuata nyuma kwa uzi mpaka mwanzo, akauliza kama kuna chai. Mnunuzi wa pamba naye alikunywa chai yake ya mwisho, akawapongeza wote wawili kwa mkono, akaondoka na lori lake. Ng'ombe wa mahari walitafutwa, na watu walimtania Mpiga Picha mpaka akachoka kuhusu dume la Kasoli.

Studio ilikufa simu zilipokuja. Bariadi sasa ni makao makuu ya mkoa, kuna ofisi na bodaboda zisizo na idadi, na kila mtu ni mpiga picha. Mwaka huu nilikwenda kuwatembelea. Macho yake yamepungua, lakini shati bado ni la kijivu, na ile picha isiyo na paji la uso iko ukutani sebuleni. Nilikuwa na simu ambayo binti yangu aliniwekea mchezo wa mapenzi: picha ya kijana, picha ya msichana, maneno chini yake, na unabonyeza jibu la kumpa. Ukijibu hivi hadithi inakwenda huku, ukijibu vile inakwenda kule.

Aliishika simu karibu na pua. Akacheka mpaka akakohoa. "Huu ni ukuta wangu! Wameniondolea uzi tu."

"Haya, chagua," nikamwambia. "Kijana anamwomba msichana watembee. Amjibu nini?"

Akayasoma majibu yote matatu, akayarudia. Nikaona uso ule ule wa mbele ya vigurudumu vya uzi. "Lolote," akasema. Mama Chai akamnyang'anya simu, akabonyeza moja bila hata kusoma, akanirudishia.

Tulipomaliza chai, mzee alikusanya vikombe akaenda navyo nyuma. Nikamwambia Mama Chai kwamba mpaka leo nikikumbuka ule msumari mtupu mwili unanisisimka, maana kama asingevuka siku ile angekuwa Shinyanga.

"Msumari?" Akashangaa kweli. "Mwanangu, mimi msumari ulinikuta nimeshachagua. Nilikuwa nangoja tu aseme."

"Ulichagua lini?"

"Siku ya kwanza aliponunua chai kwangu. Nilikuwa nimefiwa, nimekuja mjini simjui mtu, vikombe vyangu vyote vinazagaa stendi. Akavuka barabara kunirudishia kimoja." Alitazama kule alikokwenda mumewe. "Kilikuwa kimeoshwa."

"Na yeye anajua?"

"Hajawahi kuuliza. Anadhani ni zile picha zake."

Nilitaka kumwita mzee aje asikie, yeye aliyemfundisha dereva wa Mwanza kurudi kwenye picha ya kwanza. Lakini alikuwa ameshaingia, anapapasa mlango kwa kiwiko, mikononi vikombe vitatu vinachuruzika maji, akauliza nani anaongeza chai.